Mkono wa Gia na Mguu wa Kushoto

Katika kisiwa cha Nkombo, kilichomo kusini mwa Ziwa Kivu, wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, safari ndefu haianzi kwa gari. Huanza kwa mtumbwi au kwa mashua. Mwenyeji wa huko hushuka gatini na mzigo wake, huvuka mkono mwembamba wa ziwa, na akiisha kufika ng'ambo ndipo aishikapo barabara iendayo Kamembe. Watoto wengi wa kisiwani hujua kupiga kasia kabla ya kujua kupanda baiskeli. Usiku wavuvi huondoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakaimba, wakavua sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu angeweza kudhani, basi, kuwa habari za giaboksi za magari ya porini hazina nafasi katika nyumba za Nkombo.

Hata hivyo iko nyumba moja kisiwani humo ambamo habari hiyo ilizua ubishi wa mwezi mzima katika mwaka 2025. Ubishi huo uliwaweka mbali babu na mjukuu, ukaigusa aibu ya mwanamume mmoja aliyekuwa askari, na nusura uimalize akiba yote ya nyumba kabla ya jambo lolote kutendeka. Kisa chake chafaa kusimuliwa, kwa kuwa kinachotokea katika nyumba hiyo kitafika katika nyumba nyingi za askari, polisi na jamaa zao, kama hakijafika tayari.

UTINGO ALIYEFUNIKWA MACHO

Mwenye nyumba hiyo ni mzee aliyeendesha malori na magari ya porini kwa miaka zaidi ya 30. Alianza kazi katika miaka ya 1970 akiwa utingo, siku ambazo sehemu hizo zote ziliitwa Cyangugu, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2006 yaliyoleta wilaya ya Rusizi. Kiswahili chake alikipata katika karakana za Kamembe na za Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, na pamoja na Kiswahili alipata elimu ambayo hakuna shule iliyoitoa.

Dereva aliyemfundisha alikuwa na desturi ya ajabu. Lori likiwa njiani, alimtaka utingo wake afunge macho kwa kitambaa, kisha akamwuliza: "Tumo katika gia ya ngapi?" Utingo alipaswa kujibu kwa masikio na kwa mgongo, yaani kwa mlio wa injini na kwa mtikisiko wa kiti. Akikosea, siku hiyo aliosha lori peke yake. Baada ya mwaka mmoja kijana huyo hakukosea tena. Ndipo aliporuhusiwa kuushika mkono wa gia.

Alishuka na kupanda mara nyingi ile barabara ya Bugarama, bonde lenye joto ambako mpunga hulimwa na ambako kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1984. Alikata pia msitu wa Nyungwe kuelekea Butare, penye kona, ukungu na mvua. Katika njia hizo kanuni yake ilikuwa moja, nayo aliirithi kwa mwalimu wake: mlima uupandao kwa gia ya pili, uuteremke kwa gia ya pili. Asiyeifuata hutegemea breki peke yake. Breki hupata moto, moto ukizidi breki hulegea, na yatakayofuata huelezwa na majirani mazishini.

Lakini kilichomfunga mzee huyu na gari la gia za mkono ni usiku mmoja wa masika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkewe alishikwa na uchungu wa uzazi, uchungu ambao mkunga wa kisiwani alisema hauwezi. Walimvusha kwa mtumbwi gizani. Ng'ambo palikuwa na Landrova ya tajiri wake, aliyoachiwa ailinde. Wakamlaza mgonjwa nyuma juu ya magunia, na mzee, wakati huo kijana, akaingiza ufunguo. Injini haikuitika. Betri ilikuwa imekufa.

Watu sita waliisukuma Landrova hiyo katika matope hadi penye mteremko. Yeye alikanyaga klachi, akatia gia ya pili, akaliacha gari lishike kasi ya mteremko, kisha akaiachia klachi kwa ghafula. Magurudumu yakaizungusha injini, injini ikakohoa mara mbili, ikawaka. Alfajiri mtoto wa kiume akazaliwa hospitalini, naye mama yake akapona.

Mtoto huyo alikua, akafundishwa udereva na baba yake, akaingia jeshini, akawa dereva huko. Baba yake humwita "Afande" hata leo, nusu kwa mzaha na nusu kwa fahari.

MGUU ULIOPUNGUA

Afande huyo alijeruhiwa mguu wa kushoto akiwa kazini. Madaktari waliukata chini ya goti ili kuyaokoa maisha yake. Alirudi Nkombo na mguu wa bandia na heshima ya jirani zake. Alilima, alifuga, alitengeneza nyavu, na hakunung'unika. Jambo moja tu lilionekana na wote, wala hakuna aliyelitaja: kwa miaka minane hakuketi tena mbele ya usukani. Kila walipopanda gari kwenda Kamembe alichagua kiti cha nyuma kabisa na kutazama nje.

Sababu ilikuwa mguu wa kushoto, kwa kuwa ndio wa klachi. Mguu wa bandia hausikii ni wapi klachi inapoanza kushika. Ukiiachia mapema gari huruka na kuzima, ukichelewa gari hurudi nyuma. Alijaribu mara moja penye mwinuko, gari likarudi nyuma hatua kadhaa kuelekea watoto waliokuwa wakicheza. Halikumgusa mtu. Lakini tangu siku hiyo alirudisha ufunguo kwa mwenyewe, akaihifadhi leseni yake ndani ya sanduku.

Mwaka 2025 binti yake, mwenye umri wa miaka 20, alitaka kupata leseni. Nia yake ni kuomba kazi ya udereva katika polisi, au, isipowezekana, katika gari la wagonjwa. Akiba ya nyumba, iliyotokana na sambaza na ndama mmoja, ilitosha kumlipia mwanafunzi mmoja tu.

Tangu zamani mtahiniwa wa leseni nchini Rwanda alilazimika kufanya mtihani kwa gari la gia za mkono. Mwaka 2024 serikali iliidhinisha mitihani kufanywa pia kwa magari ya otomatiki, na mwaka uliofuata mitihani hiyo ikaanza. Anayefaulu kwa gari la otomatiki huruhusiwa kuendesha magari ya aina hiyo peke yake. Rafiki zake wote walichagua otomatiki, kwa kuwa ni rahisi kujifunza. Msichana naye akasema atachagua hiyo.

Babu yake aliweka chini kikombe cha chai. "Mjukuu wangu," alisema, "hicho si kuendesha gari. Hicho ni kuketi ndani ya gari linalojiendesha."

"Babu," akajibu msichana kwa adabu, "magari mapya yote yanakuja hivyo. Nikijifunza gia za mkono, nitaziendesha wapi?"

Afande hakusema neno. Aliinuka, akatoka nje kutazama ziwa.

KWA NINI GIA ZA MKONO ZINATOWEKA

Msichana huyo hakuwa amekosea. Katika magari mapya ya porini, yaani yale yavutayo kwa magurudumu yote manne, gia za mkono zinapungua mwaka hadi mwaka.

Yafaa kwanza kuifahamu kazi ya chombo chenyewe. Injini ina nguvu katika mizunguko ya kiasi fulani. Ikizunguka polepole mno huzima, na ikizidishiwa kasi huharibika. Giaboksi ni mpatanishi kati ya injini na magurudumu: mlimani hutoa nguvu nyingi na mwendo mdogo, tambarare hutoa mwendo mwingi na nguvu kidogo. Katika gari la gia za mkono, dereva huitenga injini kwa kukanyaga klachi, hubadilisha gia kwa mkono, kisha huirudisha klachi taratibu. Katika gari la otomatiki la kawaida hakuna klachi ya kukanyaga. Mahali pake mna mapangaboi mawili yatazamanayo ndani ya mafuta. Moja huzungushwa na injini, na mafuta yanayorushwa nalo hulizungusha la pili. Gia zenyewe huchaguliwa kwa nguvu ya mafuta hayo, na siku hizi kwa amri ya kompyuta.

Wengi hudhani kwamba chombo hicho ni cha starehe za mjini. Historia ya majeshi haisemi hivyo. Giaboksi ya otomatiki iitwayo Hydra-Matic ilianza kuuzwa Marekani katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, chombo hicho kilitiwa katika vifaru vyepesi vya M5 Stuart, na baadaye katika M24 Chaffee. Makamanda walitaka dereva wa kifaru aitazame njia na adui, asishughulike na klachi. Vivyo hivyo gari la Humvee, lililoingia katika jeshi la Marekani katikati ya miaka ya 1980, lilikuwa la otomatiki tangu mwanzo wake.

Kwa upande wa pili, magari yaliyozoeleka katika Afrika Mashariki yalikuwa ya gia za mkono. Landrova ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1948. Ukoo wake uliendelea hadi Defender, ambayo ya mwisho ya umbo la zamani ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Jina lake limekaa katika lugha yetu kiasi kwamba nchini Tanzania gari la doria la polisi huitwa "difenda" hata likiwa limetengenezwa na kampuni nyingine. Defender mpya iliyotangazwa mwaka 2019 huuzwa kwa otomatiki peke yake. Nissan Patrol ya mwaka 2010 nayo iliiacha klachi. Land Cruiser 300 ya mwaka 2021 ilikuja na otomatiki yenye gia 10. Hata Grenadier ya kampuni ya Ineos, iliyobuniwa kwa kuiga ukakamavu wa magari ya zamani, haina klachi ya kukanyaga.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, imesimama kwa muda mrefu kuliko nyingi. Ile yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, na gia tano za mkono, ndiyo iliyobeba wagonjwa, chanjo, walimu, askari na magunia ya mahindi katika nusu ya bara hili. Lakini hata katika mfululizo huo, mwaka 2023 kampuni ya Toyota ilitangaza gari lenye injini ndogo zaidi ya lita 2.8 na otomatiki ya gia sita, na lile lililorudishwa sokoni Japani mwaka huo lilikuwa la otomatiki peke yake.

Sababu ni nyingi. Kwanza, kila injini ikiunganishwa na giaboksi ya aina tofauti hapana budi ipimwe upya moshi wake na matumizi yake ya mafuta, na vipimo hivyo ni gharama. Wanunuzi wa klachi wakiwa wachache, mwenye kiwanda haoni faida. Pili, otomatiki za zamani zilikunywa mafuta mengi na kuwa nzito, lakini za leo zenye gia nane au kumi mara nyingi huishinda mikono ya dereva kwa uangalifu wa mafuta. Tatu, vyombo vipya vya usalama, kama breki zinazojikanyaga zenyewe gari likikaribia kugonga, hufanya kazi kwa urahisi zaidi pasipo klachi. Nne, gari la umeme kwa kawaida halihitaji gia za kubadilisha hata kidogo. Yamebaki machache, kama Suzuki Jimny ndogo na baadhi ya Hilux, ambayo bado mtu aweza kuyanunua mapya na kuipata klachi.

USHAURI WA MSICHANA

Ubishi wa Nkombo uliendelea wiki tatu. Mzee alieleza usiku wa Landrova na ile betri iliyokufa. Aliyoyasema ni kweli: gari la otomatiki la kawaida haliwashwi kwa kusukumwa. Pampu ya mafuta ya giaboksi yake huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, mafuta hayana msukumo, na magurudumu hayawezi kuifikia injini. "Laiti Landrova ile ingekuwa ya otomatiki," alisema, "leo nisingekuwa na mwana, wala wewe usingekuwapo kunibishia."

Msichana alinyamaza, kwa maana neno hilo halina jibu jepesi. Kisha jioni moja, baba yake akiwa amekwenda kuangalia nyavu, alimfuata babu yake jikoni.

"Babu, nimefikiri. Wewe wasema nijifunze gia za mkono, nami nakubali. Magari ya kazi yaliyopo wilayani mengi bado ni hayo, na dereva anayeyajua yote mawili hakosi kazi. Lakini fedha ziliopo zisinilipie mimi. Zimlipie Baba, afundishwe gari la otomatiki."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Katika wiki tatu za kuitetea klachi hakuwahi kukumbuka kuwa chombo anachokidharau hakihitaji mguu wa kushoto.

"Hatakubali," alisema baada ya kitambo.

"Nikimwambia mimi hatakubali," akajibu msichana. "Ukimwambia wewe, atasikia amri."

Kweli Afande alikataa mara mbili. Alisema fedha za mtoto haziliwi na mtu mzima. Alisema watu watamcheka. Mara ya tatu baba yake hakumbembeleza. "Afande," alimwambia, "mimi nilikuvusha ziwa usiku wa mvua ukiwa bado hujazaliwa. Kesho nivushe wewe. Twende Kamembe."

YA PILI, YA TATU

Shule ya udereva waliyokwenda ina gari moja dogo la porini la otomatiki, na mwalimu wake mkuu aliwahi kuwa utingo wa mzee huyu. Afande alikuwa amekwisha kupimwa na daktari, na leseni yake ilikuwa mfukoni. Aliketi mbele ya usukani. Mwalimu alimwonyesha herufi za mkono wa gia: ya kusimama, ya kurudi nyuma, ya kati na ya kwenda mbele. Akamwambia aukunje mguu wa kushoto pembeni na kuusahau, kwa maana mguu mmoja tu, wa kulia, ndio utakaokanyaga mafuta na breki. Mzee alikaa nyuma, mikono juu ya magoti.

Walizunguka uwanjani mara kumi. Siku ya nne walitoka barabarani, wakafika penye mwinuko mkali utazamao ziwa, ambapo palikuwa na foleni. Gari likasimama katikati ya mlima. Afande alishika usukani kwa nguvu, na uso wake ulionyesha kuwa anawaona tena wale watoto nyuma yake. Foleni ikasogea. Aliuhamisha mguu wa kulia kutoka breki hadi mafuta. Gari halikurudi nyuma hata kidogo. Lilipanda taratibu, kama mtu anayejua aendako.

Hapo mwalimu alitazama nyuma, akaona mzee amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikihesabu: "Ya kwanza... ya pili... ya tatu." Zile gia alizozidharau alizisikia zote zikibadilika, moja baada ya moja, kwa masikio yale yale na mgongo ule ule.

Upande wa pili wa mlima barabara iliteremka kwa muda mrefu. Gari likaanza kushika kasi. Kabla ya mwalimu kufungua kinywa, Afande aliuvuta mkono wa gia na kuchagua gia ya chini. Injini ikanguruma, mwendo ukapungua, na breki zikapumzika.

Mzee alifumbua macho. "Afande," aliuliza, "umelisikia?"

"Nimelisikia, Mzee," akajibu mwanawe. "Tumo katika ya pili."

Hakuna aliyesema zaidi mpaka walipofika chini. Lakini siku hiyo waliporudi gatini, Afande hakukaa kimya kama ilivyokuwa desturi yake. Alieleza habari za lile gari tangu walipoondoka ufukoni hadi mtumbwi ulipogusa Nkombo, na mzee alimsikiliza bila kumbishia hata neno moja.

YAFAAYO KUKUMBUKWA NYUMBANI

Jamaa inayofikiri kununua gari la porini, jipya au lililotumika, yafaa izingatie mambo haya.

Gari la gia za mkono huvumilia fundi wa kijijini. Klachi ikiisha hubadilishwa, na spea za magari ya zamani hupatikana hata katika miji midogo. Lakini dereva asiweke mguu juu ya klachi wakati wote, wala asilizuie gari mlimani kwa klachi badala ya breki, kwani huiunguza.

Gari la otomatiki husaidia katika matope na mchanga, kwa kuwa nguvu haikatiki wakati wa kubadilisha gia. Humpunguzia uchovu dereva wa safari ndefu. Lakini anayenunua lililotumika na akague mafuta ya giaboksi, kama gari lina kijiti cha kupimia. Mafuta ya aina nyingi yakiwa mazima huwa mekundu na masafi, na yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, gari hilo liachwe. Betri itunzwe na kupimwa mapema, na waya za kuazima umeme kwa gari jingine zisikosekane, kwani kusukuma hakutafaa kitu. Likiharibika njiani, lisivutwe mwendo mrefu huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yakigusa ardhi. Mafuta hayazunguki na giaboksi huungua. Lafaa kupakiwa juu ya lori.

Katika magari yote mawili mteremko haushukwi kwa gia ya kati, hata kama dereva anadhani anaokoa mafuta. Gari la otomatiki lina nafasi za gia za chini, nazo ziliwekwa kwa ajili ya milima kama ya Rusizi na Nyungwe. Dereva asiyezitumia ni sawa na yule utingo asiyesikia kitu akifungwa macho.

Hali kadhalika, kijana anayetarajia kazi ya udereva katika jeshi, polisi, hospitali au shamba la chai asiikimbie klachi kwa sababu ni ngumu. Magari mapya yanabadilika, lakini yale yaliyokwisha kununuliwa yataendelea kufanya kazi kwa miaka mingi bado, na atakayeitwa usiku kuliendesha moja wapo hatapewa nafasi ya kuchagua.

MASOMO YA BURE

Baki lilikuwa jambo la msichana, ambaye akiba yake ilikuwa imekwisha. Mwalimu mkuu wa shule, aliyeyaona yote yaliyotokea mlimani, alimwita mzee pembeni. Alimwambia kuwa wanafunzi wa siku hizi hubadilisha gia kwa kutazama mishale ya saa tu, wala hawajui kusikiliza. Akamwomba aje siku mbili kwa wiki kuwafundisha, na ujira wake uwe masomo ya mjukuu.

Kwa hiyo katika shule hiyo wanafunzi hupakiwa wanne wanne katika Land Cruiser kuukuu yenye gia tano za mkono. Mwalimu huendesha. Mzee hukaa mbele, na wanafunzi nyuma wamefungwa macho kwa vitambaa. "Tumo katika gia ya ngapi?" huuliza. Mjukuu wake alikosea wiki mbili za kwanza, na kila alipokosea aliliosha gari peke yake, kwani babu huyo hana upendeleo. Wiki ya tatu hakukosea.

Na Jumapili, mzee huyo akitaka kwenda kanisani ng'ambo ya ziwa, huvuka kwa mtumbwi kama kawaida, kisha hungoja kando ya barabara. Gari dogo la otomatiki la jirani, lililoazimwa kwa mwendo huo, humjia polepole likiendeshwa na mwanawe. Mzee hufungua mlango wa mbele na kuketi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee wa Nkombo bado haupendi ule mkono wa gia usio na klachi. Lakini hauiti tena kuwa si wa dereva, na njia nzima hufumba macho akihesabu.